Barabara iliyogeuzwa uwanja wa ndege

Kwa miaka kadhaa, pale Kilambo karibu na Mubi wilayani Walikale, mashariki mwa Kongo, dereva aliyesikia ngurumo angani alijua la kufanya: kusogea kando na kungoja. Kipande cha lami cha Barabara ya Taifa Namba 3, ile ya kuunganisha Bukavu na Kisangani, kilikuwa kimegeuzwa uwanja wa ndege. Ndege kuukuu kutoka Goma zilitua na bidhaa za dukani, zikapaa na magunia ya kasiteriti, jiwe linaloyeyushwa kupata bati. Zikishaondoka, magari yaliendelea na safari. Baada ya mwendo mfupi lami ilikwisha, tope likaanza.

Jiwe lilitoka Bisie, kilima kilichofichwa na msitu, ambako liligunduliwa mwaka 2002. Wapagazi walibeba hadi kilo 50 mgongoni, siku mbili kwa miguu, mpaka kuifikia barabara. Leo kilima hicho kina mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin, uliofunguliwa mwaka 2019, na humo hutoka karibu asilimia 6 ya bati lote linalochimbwa duniani. Machi 2025, waasi wa M23 walipokaribia mji wa Walikale, mgodi ulifungwa kwa wiki chache, na bei ya bati ikapanda katika soko la London. Watu wa Walikale waliokimbilia msituni siku hizo hizo hawakutikisa bei ya kitu chochote.

Walikale si kijisehemu cha nchi. Ina ukubwa wa kilometa za mraba zaidi ya 23,000, karibu kulingana na Rwanda nzima. Muhogo unakubali, ndizi zinakubali, mawese yapo. Kinachokosekana ni njia ya kuvifikisha sokoni kabla havijaoza, na kabla barieri hazijavila. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili, Kaskazini na Kusini. Kwenye vingi mpita njia hulipa, hata kama mzigo wake ni kikapu tu. Mama anayetoka shambani na muhogo hulipia jasho lake mara mbili: kwanza kwa jembe, kisha kwenye kamba iliyokingamishwa njiani.

Ukipanda upande wa mashariki unaingia Masisi, nchi ya vilima vya majani na ng'ombe. Huko watu walipata jibu lao kwa barabara mbovu. Maziwa hayawezi kungoja lori lililokwama, lakini jibini huweza. Mapadri wa Kibelgiji walileta ufundi huo, wafugaji wakaufanya wao, na hadi leo vipande vya duara, vya rangi ya manjano, hushuka kwa pikipiki au kwa chukudu, baiskeli ya mbao, kuelekea Sake na Goma. Lita 10 za maziwa hugeuka kilo moja hivi ya jibini. Vita vya mwaka 1993, vilivyoanzia Ntoto kule Walikale, na vilivyofuata baadaye, viliteketeza mifugo mingi, lakini watengenezaji walirudi wakawasha moto tena. Nikisikia mtu akisema watu wa huku wanangoja misaada, hao ndio ninaowakumbuka.

Ndani ya Masisi hiyo hiyo ipo Rubaya. Vilima vyake hutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, madini yaliyomo ndani ya simu nyingi. Mwishoni mwa Aprili 2024 M23 waliuteka mji huo, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakakadiria kwamba kodi za koltani, jiwe lenye tantalamu hiyo, huko ziliwaingizia waasi kiasi cha dola 800,000 kwa mwezi. Koltani haiozi, na gunia moja lina thamani ya kutosha kumlipa kila anayenyoosha mkono njiani. Ndiyo maana hupita pale ambapo kabichi haipiti.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaagiza asilimia 15 ya mrabaha ibaki kwa mamlaka za mahali madini yanapochimbwa. Inaagiza pia asilimia 0.3 ya mauzo ya mgodi iende kwenye miradi ya wenyeji. Ni sheria nzuri, na naitetea. Ila haimfikii mchimbaji wa Rubaya anayelipa kodi yake kwa wenye bunduki, wala haiwezi kujenga daraja mahali ambapo vita hurudi kabla saruji haijakauka.

Wakati huohuo, kwa kukosa barabara, mgonjwa husafirishwa kwa kipoyi: machela ya miti, vijana wanne mabegani, wengine wanne wakifuata nyuma kuwapokea wenzao wakichoka. Mara nyingi aliyelala juu yake ni mama mwenye uchungu wa uzazi. Mvua ikiwa imenyesha, vijana huvua viatu ili wasiteleze.