Sinema ya nyumbani bila kumaliza bando

Nyumba nyingi za mjini siku hizi zina televisheni inayoingia intaneti, simu nne au tano na ruta moja sebuleni. Zina pia video zilizotapakaa kila mahali: harusi ya dada kwenye DVD yenye mikwaruzo, kipaimara kwenye flashi ambayo hakuna anayekumbuka imewekwa wapi, na katuni ambazo mdogo wa nyumba huzirudia kila jioni. Kompyuta moja inaweza kuzikusanya zote na kuzirusha kwenye skrini yoyote ya nyumba. Suala ni ipi, maana gharama kubwa mara nyingi haiko kwenye bei ya dukani.

Tuanze na bando. Netflix wenyewe wanasema video ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, na ya 4K hadi GB 7. Mtoto akirudia filamu ileile kwa intaneti, nawe unailipia tena na tena. Ikitoka kwenye kompyuta iliyo chumbani kwenda televisheni ya sebuleni, inapita kwenye ruta lakini haigusi bando. Hata laini ikiishiwa salio, mtandao wa ndani ya nyumba unaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Kinachouzwa kwa wingi zaidi ni kile kisanduku cha Android cha bei ya chini, kisicho na jina la maana, kinachoahidi chaneli zote za dunia bure. Mimi sikishauri. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa kihalifu uliotumia vifaa vya aina hii, vingine vikiwa vimepandikizwa programu hasidi kabla mnunuzi hajavitoa kwenye boksi. Kisanduku chenye idhini ya Google ni habari nyingine, ila hicho ni cha kutazamia tu. Hakitakuwa ghala la video za familia.

Wapenda teknolojia watakutajia Raspberry Pi 5, kompyuta ya bodi moja. Ilipotoka Oktoba 2023, yenye RAM ya GB 4 ilikuwa dola 60. Bodi tupu hiyo. Ongeza chaja yake dola 12, feni dola 5 na kasha dola 10, unafika dola 87 kabla ya kadi ya kumbukumbu, diski, usafiri na ushuru. Umeme inakula kidogo mno, sawa. Lakini haina sehemu maalumu ya kubadili video kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, kazi ambayo kompyuta hulazimika kuifanya papo hapo pale televisheni ya zamani inaposhindwa kusoma faili jipya.

Halafu kuna ile deskitopu ya kusimama, ambayo wengi wetu tunaiita CPU, na ambayo pengine mjomba yuko tayari kukupa bure. Piga hesabu kabla ya kushukuru. Ya zamani ikila wati 60 usiku na mchana, kwa siku 30 ni uniti 43. Kwa mteja wa TANESCO wa daraja la T1, la matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi, kwa hiyo ni kama shilingi 12,600 kwa mwezi. Kompyuta ndogo ya ofisini, isiyozidi kitabu kinene kwa ukubwa, hula karibu wati 12 ikiwa imetulia. Hizo ni uniti 8.6, yaani shilingi 2,500 hivi. Tofauti kwa mwaka inapita laki moja na ishirini. Aliye kwenye D1, daraja la matumizi madogo, ataumia kwa namna nyingine: uniti 75 za mwanzo ni shilingi 100 kila moja, zinazozidi hapo ni 350. CPU ya mjomba peke yake itameza zaidi ya nusu ya zile za bei nafuu, kisha friji ilipiwe kwa 350.

Kwa hiyo kura yangu naipa kompyuta ndogo ya mtumba: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny. Na huu ndio wakati wake. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Maofisi ya ng'ambo yanazitoa mashine za kizazi cha sita na cha saba zikiwa bado nzima. Wewe huihitaji Windows. Debian au Ubuntu ni bure na zinazitosha.

Dukani soma stika. Namba i5-6500T na i5-7500T zinafanana, lakini tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Cha saba kinasoma HEVC ya biti 10, mfumo wa filamu nyingi za 4K. Cha sita kinaishia biti 8 na kutokwa jasho. Herufi T mwishoni ni ya prosesa isiyokula umeme sana. Dai chaja yake halisi pia, kwani Dell ikichomekwa chaja isiyoitambua hupunguza kasi. Unapolinganisha bei, linganisha mini ikiwa kamili, na RAM, SSD na chaja, dhidi ya Pi ikiwa kamili.

Sasa mtandao. Hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Wi-Fi ya GHz 5 ina kasi lakini inakwama kwenye ukuta wa tofali za nchi sita; ya GHz 2.4 inapenya kwa mwendo wa kinyonga. Muuzaji atakupa kifaa cha kuongeza masafa, na vingi vya bei rahisi hugawa kasi nusu kwa nusu kwa sababu hupokea na kurusha kwa redio ileile. Bora pesa hiyo inunue waya. Cat5e inabeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na sijui nyumba ya kawaida inayohitaji zaidi. Kwarua ncha ya uzi mmoja kwa wembe: ikiwa chini ya wekundu kuna weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie. Na fundi asikuungie nyuzi nne kati ya nane. Nne zinafanya kazi, ila kasi inaishia megabiti 100, na utalaumu kompyuta.

Kwenye programu ya kurusha video sina mengi. Plex ni nyepesi kuizoea, lakini leseni yake ya maisha ilipanda Aprili 2025 kutoka dola 119.99 hadi 249.99. Jellyfin ni bure, haidai akaunti ya mtandaoni wala intaneti, na inatumia sehemu ya kubadili video iliyomo kwenye prosesa za Intel, ile ambayo Pi haina, bila kukutoza senti.

Unachookoa hapo peleka kwenye diski, na ziwe mbili. Moja ikae kwenye kompyuta, ya pili inakiliwe kila mwezi na kuhifadhiwa kwa shangazi au ndugu mwingine, nje ya nyumba. Filamu unaweza kuitafuta tena. Harusi ya dada haipigwi mara ya pili. Kama umeme kwenu ni wa kukatika-katika, weka na UPS ndogo ya kuishika mini na ruta kwa dakika chache, muda wa kutosha kuizima kwa utaratibu kabla diski haijakatiwa moto katikati ya kuandika.