Je, Mashine ya Kupima Ubongo Itamfanya Mtoto Ajifunze Upesi?

Swali la leo ni hili: mtoto akivalishwa mashine ya kupima ubongo, atashika masomo upesi zaidi?

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Mwaka wa 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, alifaulu kuunasa umeme huo kutoka kichwani mwa binadamu. Visahani vidogo vya chuma hubandikwa kwenye ngozi ya kichwa, na mashine huuchora umeme kama mawimbi. Hospitalini kipimo hiki huitwa EEG. Hakiumi, hakiingizi umeme mwilini, wala hakisomi mawazo ya mtu.

Baadaye watafiti waliona kwamba mtu anaweza kuonyeshwa mawimbi yake ili ajizoeze kutulia. Mtoto hutazama picha kwenye runinga. Akiwa makini, picha inaendelea, na akili ikitangatanga, picha inasimama. Huko Marekani njia kama hii ilijaribiwa kwa watu wazima wanaojifunza kulenga shabaha, na baadhi ya watafiti wakaripoti kuwa walijifunza haraka zaidi.

Lakini kwa mtoto asiyetulia darasani, habari ni tofauti. Mwaka wa 2024 watafiti walijumlisha matokeo ya majaribio mengi kuhusu tatizo la kutotulia na kukosa makini. Pale ambapo wapimaji hawakujua nani alipata mafunzo hayo na nani hakupata, nafuu ya maana haikuonekana. Kwa hivyo mama, usiuze mbuzi wala kutoa karo ya mtoto ili ununue kofia ya namna hiyo.

Hata hivyo, kipimo hiki kimetufunza jambo lisilolipiwa hata senti. Mwaka wa 2015, nchini Ujerumani, watoto wa miezi 9 hadi 16 walifundishwa majina ya vitu vigeni, kisha wakapimwa mawimbi ya ubongo. Waliolala kidogo baada ya somo waliyakumbuka majina. Waliokaa macho hawakuyakumbuka. Mtoto anapolala, ubongo wake unapanga na kuhifadhi aliyojifunza.

Basi mlinde usingizi wake. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana:

- Miezi 4 hadi 11: saa 12 hadi 16.
- Mwaka 1 hadi 2: saa 11 hadi 14.
- Miaka 3 hadi 4: saa 10 hadi 13.

Zima redio na runinga anapolala. Mfundishe jambo kidogo kidogo, mrudie kesho. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwisho, wako watoto wanaohitaji kipimo hiki kweli. Mtoto akiduwaa ghafla mara kwa mara, ukimwita haitiki, au akianguka na kutetemeka, usimchape wala usiseme amerogwa. Huenda ni kifafa, na kifafa kina dawa. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Mweleze muuguzi ulichoona na kilichukua muda gani. Daktari ataamua kama EEG inahitajika.

Mwambie na jirani yako.