Fahamu: Jinsi kobalti ya Kolwezi inavyoingia kwenye mboga

Sombe, matembele na lengalenga ndiyo kitoweo cha bukari katika nyumba nyingi za Kolwezi. Mboga hizo hulimwa hata kando ya migodi ya jimbo la Lualaba, Kongo, na vumbi la magari ya madini hutua juu yake kila siku.

Vumbi jingi huweza kuoshwa. Hatari isiyoosheka imo ndani ya jani. Viwanda hutumia asidi ya salfuriki kutenga shaba na kobalti. Maji yake machafu yakifika mtoni au bustanini, udongo hugeuka kuwa mchachu. Udongo mchachu huyeyusha metali, mizizi ikazinyonya pamoja na maji. Hapo kuosha hakusaidii, wala kuchemsha hakuziondoi zote.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima metali kwenye mkojo wa wakazi wa Katanga, jimbo la zamani lililojumuisha Lualaba, wakachapisha matokeo mwaka 2009: wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodini walikuwa na kobalti nyingi zaidi. Waliopimwa hawakuwa wachimbaji tu; watoto pia walikuwamo.

Kobalti ikizidi huweza kudhuru moyo na tezi ya shingo. Metali nyingine za migodini nazo hudhuru: kadimiamu huharibu figo. Madini ya risasi hudumaza ubongo wa mtoto.

Chokaa ikiwekwa shambani hupunguza uchachu wa udongo, na mimea hunyonya metali kidogo. Lakini mkulima asiachiwe mzigo huu peke yake. Serikali ipime udongo na mboga za sokoni, iwatangazie wananchi matokeo, na aliyechafua alipe.