KUTUNZA WENYE VIPAJI KATIKA SERIKALI ZA MITAA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wamekuwa wakisikia maneno "utunzaji wa vipaji kazini" bila ya kupewa maelezo yake. Ukurasa huu unayaeleza kwa ufupi.

Mwaka 2017 Zanzibar ilianza ugatuzi, na baadhi ya kazi za elimu ya msingi, afya ya msingi na kilimo zikapelekwa kwenye mabaraza. Kazi huhamishwa kwa waraka wa siku moja. Ujuzi wa kuifanya hauhami hivyo. Natuchukue mfano wa ofisa wa mapato katika baraza lenye soko. Yeye ndiye ajuaye kila kibanda, leseni ipi imekwisha muda na jalada la zamani limewekwa kabati gani. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiyo siku yake ya kuondoka hujulikana miaka mingi kabla. Akiondoka bila ya kurithisha, makusanyo hupungua, gari la taka hukosa mafuta, na mwenye kudhurika ni mkaazi ambaye hata hakumjua.

Kutunza kipaji basi ni kumtambua mapema mtumishi mwenye uwezo, kwa tathmini ya kazi zake iliyoandikwa, kisha kumuweka karibu na anayekaribia kustaafu. Mafunzo katika Chuo cha Utawala wa Umma yana faida kubwa, lakini hayatoshi pasipo kukaimu. Anayekaimu hutia saini, hukosea mbele ya mkubwa wake, na husahihishwa. Ni lazima isemwe kwamba pahala pengi nafasi ya kukaimu hugeuzwa tunzo ya anayependwa. Hilo si utunzaji wa vipaji. Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya mwaka 2011 inataka sifa na uwezo ndivyo vizingatiwe, na madaraka ni amana.

Mshahara wa Serikali za Mitaa haushindani na ule wa mahoteli, na hakuna haja ya kulificha hilo. Hata hivyo, wengi huondoka kwa sababu ya kupandishwa cheo kucheleweshwa, au maombi ya masomo kukaa masijala bila ya jibu. Mambo haya mawili yamo ndani ya uwezo wa wakuu wa utumishi.

Mwananchi aliyehudumiwa vyema naye anaweza kumuandikia Mkurugenzi wa baraza lake, akataja ofisi, tarehe na huduma aliyoipata. Barua hiyo inafaa iwekwe katika jalada la mtumishi husika, pamoja na tathmini yake.