Fedha zilizolala benki: Mirathi isiyoonekana Mkuyuni

Mzee akifariki dunia Mkuyuni, mirathi yake huhesabiwa kwa macho. Mikarafuu, migomba, mdalasini, nyumba ya bati na mbuzi wachache, vyote majirani wanavijua, na hata mipaka ya shamba lililopanda mlimani ina mashahidi. Kisichohesabiwa ni kile kisichoonekana: akaunti aliyoifungua mjini Morogoro mwaka ambao karafuu zilipata bei, au salio lililobaki katika simu yake. Mjane aliwahi kusikia habari zake kwa mbali. Watoto hawakuambiwa kabisa.

Miaka ikipita pasipo mtu wa kuweka wala kutoa, benki huihesabu akaunti hiyo kuwa imelala. Chini ya Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006, fedha zilizotelekezwa kupita muda uliowekwa kisheria hatimaye hupelekwa Benki Kuu ya Tanzania. Wenzetu wa Kenya walitunga sheria mahsusi mwaka 2011 na kuunda mamlaka ya kusimamia mali zisizodaiwa, ambako fedha za benki huhesabika hazina mdai baada ya miaka mitano, na za simu baada ya miwili. Kwetu, safari ya mdai huanzia katika benki iliyopokea fedha.

Kwa Muislamu, fedha hizo zina wenyewe. Mtu anapofariki, mali yake hulipia mazishi, kisha madeni, kisha wosia usiozidi theluthi, na kinachobaki ni haki ya warithi waliotajwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Kulala kwa akaunti hakuwaondolei haki hiyo. Mtume (SAW) alielekeza kwamba hata kitu kilichookotwa njiani kitangazwe mwaka mzima, na mwenyewe akitokea arudishiwe. Seuze mali ambayo jina la mwenyewe limeandikwa daftarini!

Pa kuanzia ni katika mkoba wa marehemu. Kitafutwe kitabu cha benki, kadi, stakabadhi ya kuwekea fedha, au ujumbe wa simu wenye jina la benki. Wenye vitabu vya zamani wasikate tamaa kwa kuwa jina la benki limebadilika. Iliyokuwa NBC ya serikali, iliyoundwa baada ya utaifishaji wa mwaka 1967, iligawanywa mwaka 1997, ikazaliwa NMB kando ya NBC ya sasa. Mwenye kitabu cha kabla ya hapo aulize kote kuwili. Iliyokuwa Benki ya Posta ndiyo TCB tangu mwaka 2021. Ila tuseme ukweli: thamani ya shilingi imeshuka mno, na elfu mbili zilizowekwa mwaka 1985, zilizokuwa fedha za maana, leo haziwezi kulipia hata safari ya kuzifuata. Kabla ya kuanza mbio za mahakamani, familia ipime uzito wa kinachotafutwa.

Benki haitampa mtoto fedha kwa sababu tu anafanana na baba yake. Itadai cheti cha kifo, kinachotolewa chini ya RITA, na barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. Maombi hupelekwa katika Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi marehemu, ambayo ina mamlaka juu ya mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na asipokuwepo, msimamizi hupewa Fomu namba 4. Hiyo ndiyo karatasi ambayo benki huitambua.

Hapa ndipo mila ya Mkuyuni inapoingia. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Watoto wa marehemu ni wa ukoo wa mama yao, na kwa mila waliokuwa wakitazamwa kuwa warithi wa mwanamume ni wapwa zake, watoto wa dada zake. Mahakama, kwa desturi, hupenda kuona muhtasari wa kikao cha familia, na katika kikao hicho wajomba na wapwa huwa na sauti kubwa kuliko mjane anayekaa eda chumbani. Mara nyingine msimamizi hupendekezwa yeye akiwa hayupo, naye huja kuambiwa tu pa kuweka dole gumba.

Mila si adui wa dini katika kila jambo, na udugu wa Waluguru umelea mayatima wengi. Lakini katika fungu la mirathi hukumu iko wazi: mpwa wa upande wa dada hana fungu mbele ya watoto wa marehemu. Tena mahakama za Tanzania, zinapobishaniwa sheria ipi ifuatwe, hutazama namna marehemu alivyoishi na alivyokusudia. Mzee aliyeswali miaka sitini bila kuandika neno lolote huwaachia wanawe kazi ya kuthibitisha kwa mashahidi kwamba alitaka mali yake igawanywe Kiislamu. Karatasi moja aliyoisaini mbele ya imamu na mashahidi wawili ingewaondolea mzigo huo.

Vivyo hivyo kwa jina la mrithi linaloandikwa katika fomu ya benki. Wengi hudhani aliyetajwa ndiye mwenye fedha. Kisharia, yeye ni mpokeaji wa amana, na wenye haki ni warithi wote.

Tuchukue mfano wa salio la shilingi 2,400,000, madeni yakiwa yamekwisha kulipwa. Marehemu ameacha mke, mama mzazi, wana wawili na binti mmoja. Mke ana thumni, 300,000. Mama ana sudusi, 400,000. Zinazobaki, 1,700,000, hugawanywa mafungu matano: kila mwana 680,000, binti 340,000. Kaka na dada za marehemu hawapati kitu hapo, kwa kuwa wana wapo. Na ikiwa benki imeongeza riba juu ya rasilimali, nyongeza hiyo haiingii katika hesabu ya mirathi. Wanazuoni wengi husema itengwe na kutolewa kwa wahitaji au kwa manufaa ya umma, pasipo kukusudia thawabu ya sadaka.

Fedha zikishatoka, kazi ya msimamizi ndiyo kwanza inaanza. Kanuni zinamtaka, ndani ya miezi minne ya kuteuliwa, apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni katika Fomu namba 5, kisha hesabu ya mgawanyo katika Fomu namba 6. Wasimamizi wengi huishia kwenye dirisha la benki. Mjane wa Mkuyuni, hata asiyejua kusoma, anaweza kwenda na mwanawe kwa karani wa mahakama hiyo hiyo, akauliza kama fomu hizo mbili zimerudishwa, na kama hazijarudishwa, akaomba msimamizi aitwe.