Theluji, njaa na kupe: jinsi kulungu na musi wanavyokufa katika majira ya baridi

Msikilizaji unayeishi kaskazini mwa Marekani huenda umewaona kulungu wenye mkia mweupe wakisimama kimya chini ya misonobari mwezi wa Februari, theluji ikiwafikia matumboni, ukadhani kwamba baridi ndiyo inayowaua. Baridi peke yake huwaua wachache. Manyoya yao ya majira hayo yana uwazi ndani unaohifadhi joto, nao huingia mwezi wa Desemba wakiwa na akiba ya mafuta mwilini. Kinachoua ni kina cha theluji. Kila hatua ndani yake hula akiba hiyo, na vijiti vya miti vinavyobaki havina lishe ya kuirejesha.

Ndiyo maana katika jimbo la Minnesota idara ya maliasili huhesabu siku. Siku ambayo theluji imefikia sentimita 38 hupewa alama moja. Siku ambayo baridi imeshuka hadi nyuzijoto 18 chini ya sifuri hupewa alama nyingine. Jumla isiyofika 100 ni ya majira mapole. Ikipita 180, majira hayo ni makali. Wanaotangulia kufa ni ndama, ambao chakula chao kiliishia katika kukua badala ya kuwa mafuta. Wengi hufa Machi na Aprili, wakati watu wanadhani hatari imekwisha.

Wako wanaowamwagia mahindi kwa huruma. Huruma hiyo yaweza kuua: bakteria wa tumboni wamezoea vijiti, na nafaka nyingi ya ghafla huzalisha tindikali, mnyama akafa tumbo limejaa.

Musi, jamaa ya kulungu mwenye miguu mirefu na uzito uwezao kupita kilo 400, huivuka theluji kwa urahisi zaidi. Kwake yeye majira mafupi ya baridi ndiyo yenye hatari, kwani theluji ikichelewa, kupe wachanga walio vichakani hupata muda mrefu wa kumng'ang'ania apitapo, kisha wakamnyonya damu hadi masika. Katika majimbo ya New Hampshire na Maine, kati ya 2014 na 2016, watafiti walikuta wastani wa kupe 47,000 hivi kwa ndama mmoja. Takriban ndama 70 katika kila 100 waliofuatiliwa walikufa.

Mikasa yote hukutana pia. Mwaka 1996, katika kisiwa cha Isle Royale ndani ya Ziwa Superior, baridi kali, kupe na uhaba wa chakula viliwakumba musi wapatao 2,400. Walisalia kama 500.