Hitilafu ya Mtandao katika Mac Hujificha Wapi

Kompyuta ya Mac inapofungua ukurasa wa intaneti au faili lililohifadhiwa katika kompyuta nyingine, hufanya kazi tatu zinazofuatana kwa kasi kiasi kwamba mtumiaji huziona kuwa moja: hujipatia anwani yake katika mtandao, hutafuta anwani ya kompyuta inayokusudiwa kwa kutumia jina lake, kisha hubisha kwenye mlango ambao nyuma yake programu ya seva, yaani programu inayosubiri maombi ya kompyuta nyingine na kuyajibu, inatazamiwa kuwa kazini. Kila moja ya kazi hizi huweza kukwama peke yake, lakini anachokiona mtumiaji ni kilekile, kwamba ukurasa haufunguki. Ndiyo maana desturi iliyoenea ya kuzima kila kifaa na kukiwasha upya, ingawa mara nyingi huleta nafuu, haimwelezi mtu ni kazi ipi iliyokwama, na hitilafu ikirudi humkuta hajui lolote zaidi ya alilolijua mwanzo.

Kuhusu anwani hakuna mengi ya kusema. Kwa kawaida hutolewa na ruta, kifaa kinachounganisha mtandao wa nyumba au ofisi na intaneti, na Mac ikiiomba isijibiwe hujipa yenyewe namba inayoanza na 169.254, ambayo huiruhusu kuwasiliana na vifaa vya karibu tu. Anayeiona namba hiyo katika mipangilio ya mtandao hana sababu ya kulaumu kivinjari. Aanze na ruta au waya. Ikiwa namba ni ya kawaida, amri ya ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983 na ambayo hadi leo huandikwa katika programu ya Terminal, hutuma ujumbe mdogo kwenye ruta na kupima muda unaochukua kurudi. Jibu likirudi, njia ya ndani ni nzima. Lakini seva ya mbali ikinyamaza isihesabiwe kuwa imekufa, kwa kuwa nyingi zimepangwa makusudi zisijibu ping.

Kwenye majina ndiko kwenye utata mwingi. Majina ya intaneti hugeuzwa kuwa namba na mfumo uitwao DNS, ilhali majina yanayoishia na .local, ambayo printa na kompyuta za jengo moja hutumia kutambulishana bila seva yoyote, hushughulikiwa na utaratibu wa Apple uitwao Bonjour, ulioanza mwaka 2002 kwa jina la Rendezvous. Ndani ya Mac kazi zote mbili ziko mikononi mwa huduma moja inayoendeshwa kimyakimya, mDNSResponder. Mwaka 2014, katika toleo la mfumo endeshi lililoitwa Yosemite, Apple iliiondoa huduma hiyo na kuweka nyingine mpya, discoveryd, na malalamiko yakafuata: kompyuta zilizojiongezea namba mwishoni mwa majina yao, kwa kuamini kwamba jina lilikuwa limeshachukuliwa na kompyuta nyingine, na vifaa vilivyotoweka mtandaoni ingawa vilikuwa vimewashwa. Mtu angeweza kubadilisha ruta yake bila kufaulu, kwa kuwa kosa halikuwa huko. Mwishoni mwa Juni 2015, katika toleo la 10.10.4, Apple iliirudisha mDNSResponder, uamuzi wa busara ambao kampuni kubwa hazina haraka ya kuufanya.

Hapo pana mtego unaowanasa hata mafundi. Amri za dig na nslookup, zinazotumiwa sana kupima majina, huiuliza seva ya DNS moja kwa moja bila kupitia huduma ya Mac ambayo kivinjari huitegemea, kwa hiyo huweza kutoa jibu sahihi huku kivinjari kikishindwa, na fundi akahitimisha kwamba majina hayana tatizo. Majibu yakitofautiana hivyo, kosa liko ndani ya Mac yenyewe: pengine kuna mstari uliosahauliwa katika faili la /etc/hosts, au namba ya zamani ingali katika kumbukumbu ya muda, ambayo husafishwa kwa amri ya sudo killall -HUP mDNSResponder.

Jina na anwani vikiwa sawa, hubaki mlango, ambao hapa si tundu la waya bali ni namba inayotenganisha huduma moja na nyingine ndani ya kompyuta ileile. Kurasa za wavuti zisizosimbwa kwa njia fiche, kwa mfano, hutumia namba 80. Programu mbili haziwezi kuumiliki mlango mmoja kwa utaratibu wa kawaida. Toleo la Monterey lilipotoka mwaka 2021, Mac ilianza kupokea picha na sauti kutoka kwenye simu kwa njia ya AirPlay, na huduma hiyo ikachukua mlango namba 5000, uleule ambao waandishi wengi wa programu walikuwa wakiutumia kujaribia kazi zao kwa zana iitwayo Flask. Waliofungua kurasa zao walipata jibu la 403, maana yake wamekatazwa kuingia, wakaanza kukagua msimbo usio na kosa. Amri ya lsof -i :5000 huonyesha mara moja programu inayoushikilia mlango huo, na dawa ni kuzima upokeaji wa AirPlay katika mipangilio au kuchagua namba nyingine.

Nyuma ya mlango hubaki seva yenyewe. Apple iliacha kuuza programu yake ya macOS Server mwezi Aprili 2022, lakini seva ya wavuti ya Apache ingali ndani ya mfumo. Huduma kama hizi huanzishwa na launchd, msimamizi aliyeletwa mwaka 2005, ambaye huweza kuagizwa kuifufua huduma kila inapokufa. Seva yenye kosa katika faili lake la mipangilio huweza basi kuanguka na kuinuliwa tena na tena bila mtumiaji kuona chochote kwenye skrini. Kuiua kwa mkono hakusaidii, kwa sababu itafufuliwa. Amri ya apachectl configtest hutaja mstari wenye kosa la uandishi, na lililotokea baada ya seva kuwaka huandikwa katika faili la /var/log/apache2/error_log, ambalo husomwa kuanzia chini.